Njiwa Weupe wa Harusi: Wakisharushwa Huenda Wapi?

Kiangazi kinapoingia Lubumbashi, harusi huwa nyingi, kwa sababu barabara za mitaani ni kavu na familia haziogopi mvua kuwakuta wageni uani. Katika baadhi ya harusi hizo limeingia jambo ambalo wazazi wetu hawakulijua: maarusi wakitoka kanisani hukabidhiwa kikapu, wanakifungua, njiwa weupe wanapaa juu ya vichwa vya watu, vigelegele vinapigwa, na kabla ya keki kukatwa picha zimekwisha kuzunguka kwenye simu za ukoo mzima. Kisha huanza mabishano. Mmoja husema ndege wale wamepewa uhuru na sasa wataishi porini. Mwingine husema wamefungwa dawa ili wamrudie mwenye nao. Wa tatu huuliza kwa nini alipe fedha nyingi ilhali njiwa wanauzwa sokoni, na weupe hawakosekani.

Swali hilo la tatu tuliwahi kulijibu vibaya sisi wenyewe. Katika harusi ya binti wa kaka yangu, mtaani Katuba, tulinunua njiwa sita weupe asubuhi ya siku ile ile, kwa mtu aliyetuhakikishia kwamba wamezoea. Tuliwarusha saa kumi na moja na nusu jioni. Wawili walitua juu ya bati la jirani wakabaki pale wakitetemeka, mmoja aligonga waya wa umeme, na watatu walipotelea nyuma ya miti ya maembe. Kesho yake asubuhi watoto walituletea mabawa meupe yaliyoachwa na paka. Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wafugaji na kusoma juu ya ndege hawa, na ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo ningependa tungeelezwe kabla hatujatoa fedha.

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko inatoka humo. Kifaransa, ambacho wengi wetu hukitumia kwenye kadi za mwaliko, kina maneno mawili: colombe na pigeon. La kwanza husikika kanisani na kwenye mashairi, la pili husikika sokoni na jikoni, na kwa hiyo mtu hudhani kwamba ni ndege wawili tofauti kabisa, mmoja mtakatifu na mwingine wa kitoweo. Kiswahili hakikuwatenganisha hivyo. Tunasema njiwa katika habari ya Nuhu na jani la mzeituni, njiwa katika ubatizo wa Yesu mtoni Yordani, na njiwa tukimtaja ndege anayeokota mahindi yaliyomwagika karibu na kinu. Wataalamu wa ndege nao hawaoni mpaka ulio wazi kati ya colombe na pigeon, kwa kuwa wote ni wa jamii moja.

Hata hivyo, ndani ya jamii hiyo kuna aina nyingi, na hapo ndipo tofauti inapookoa au kuua. Ndege anayefaa kurushwa kwenye sherehe ni njiwa wa kufugwa mwenye rangi nyeupe, wa uzao wa wale ambao Kifaransa huwaita pigeons voyageurs, yaani njiwa wasafiri. Asili ya njiwa wote wa kufugwa ni njiwa wa majabali, ambaye porini hutaga kwenye nyufa za miamba, huenda mbali kutafuta chakula, na hurudi kwenye ufa ule ule. Kwa karne nyingi watu waliwachagua na kuwazalisha wale waliorudi kutoka mbali zaidi, mpaka akapatikana ndege mwenye kifua kipana na mbawa zenye nguvu, ingawa uzito wake kwa kawaida haufiki nusu kilo. Yupo mwingine, mdogo na mwembamba, wa ukoo wa tetere, ambaye naye hufugwa na huweza kuwa mweupe pe. Huyo anapendeza kwenye picha, lakini uzao wake haukuchaguliwa kwa ajili ya kurudi, na akiachiliwa mbali na kizimba chake hupotea. Weupe wenyewe ni rangi tu iliyochaguliwa na wafugaji, kama vile mtu anavyochagua kuku wa madoadoa, wala haumfundishi ndege njia.

Neno jingine linalohitaji kunyooshwa ni kuachilia. Tukisikia kwamba ndege ameachiliwa, tunamfikiria mfungwa aliyefunguliwa mlango wa gereza la Kasapa. Njiwa wa sherehe anafanana zaidi na mwanafunzi aliyesikia kengele ya mwisho: anatoka mbio kwa sababu anajua mlango wa kwao uko wapi na anajua chakula kipo. Ndiyo maana mfugaji wa kweli hakuuzii ndege hawa. Hukukodisha. Huwaleta katika kikapu, huwarusha au hukuacha uwarushe mbele yake, nao hurudi kwake, mara nyingi kabla ya gari lake kufika nyumbani. Mtu akikuambia uwanunue, kwamba ni wako na ukishawarusha hana haja nao, amekwisha kukuambia kwamba hawana pa kurudi.

Na mahali pa kurudi hapatengenezwi kwa siku moja. Habari yake huanzia kwenye yai. Jike hutaga mayai mawili, yeye na dume huyaatamia kwa zamu kwa siku 18 hivi, na makinda hulishwa na wazazi wote wawili kwa uji mweupe unaotoka kooni mwao, ambao wafugaji huuita maziwa ya njiwa. Akifika wiki nne au tano, kinda ana manyoya ya kutosha na anaweza kuruka. Huo ndio wakati wa kumwangalia kwa makini, kwa sababu mahali atakapopazoea siku hizo ndipo patakapokuwa kwao. Mfugaji humweka kwenye kizimba cha waya juu ya banda ili azione paa za majirani, miti mirefu, na upande ambako jua huchomoza. Humlisha saa zile zile kila siku, akitikisa kopo la mahindi kabla ya kumwaga chakula, mpaka mlio wa kopo uwe kama sauti ya mama anayeita watoto mezani. Kisha, alasiri moja kabla ya chakula, mlango hufunguliwa. Makinda hupaa, huzunguka juu ya banda kwa woga, na kopo likilia hushuka.

Baada ya wiki kadhaa za kuzunguka hivyo ndipo safari huanza. Mara ya kwanza hupelekwa kilomita moja au mbili tu, kisha tano, kumi, ishirini, kila hatua ikirudiwa mpaka wairudi bila kusitasita. Mfugaji wa Lubumbashi anaweza kuwapeleka polepole kwenye barabara ya Kipushi, mji ulio umbali wa kama kilomita 30, na wale hodari akawafikisha Likasi, kama kilomita 120. Ndivyo mtoto anavyofundishwa: kwanza hutumwa dukani penye kona, kisha sokoni, na baada ya muda mrefu ndipo hupewa nauli ya kwenda mjini peke yake. Kazi hiyo huchukua miezi, na gharama ambayo wageni wa harusi huilalamikia imelala humo, katika mahindi, mbaazi na mtama, mafuta ya gari, na ndege ambao hawakurudi.

Linalofuata kutokana na hayo huwashangaza wengi: njiwa msafiri aliyekomaa hahamishwi kirahisi. Ukimnunua kwa mfugaji wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ukamweka mwaka mzima katika banda zuri la Kampemba, ukamlisha na kumtunza, siku utakayomfungulia kikapu kwenye harusi kuna uwezekano mkubwa ataelekea Zambia. Ndege wa namna hiyo wafugaji huwafungia ndani ili wazae tu. Watoto wao ndio watakaoijua Lubumbashi kuwa kwao.

Sasa tufike kwenye swali gumu, lile la dawa: njiwa anajuaje njia? Fikiria umefungwa kitambaa machoni, umepakiwa kwenye lori, umeshushwa porini mahali ambapo hujawahi kufika, kisha umepewa dira. Dira itakuonyesha kaskazini, lakini haitakuambia kama Lubumbashi iko kaskazini au kusini mwako. Unahitaji vitu viwili: dira, na kitu kingine mfano wa ramani kitakachokuambia uko wapi. Njiwa anavyo vyote viwili. Dira yake inafahamika vizuri, lakini ramani yake wanasayansi bado wanaibishania.

Dira ya kwanza ni jua. Watafiti waliwafungia njiwa kwa siku kadhaa katika chumba ambamo taa ziliwashwa na kuzimwa saa sita mapema kuliko mchana na usiku wa kweli, kisha wakawatoa nje siku yenye jua. Ndege waliruka wakikosea upande kwa takriban robo ya duara. Saa iliyo mwilini mwao iliwaambia kwamba ni adhuhuri wakati ilikuwa alfajiri, na hivyo wakalisoma jua vibaya, kama abiria anayefika stesheni mapema mno kwa sababu saa yake imekwenda mbele. Dira ya pili ni sumaku ya dunia. Mwaka 1971 Mmarekani William Keeton alionyesha kwamba njiwa waliofungwa vipande vidogo vya sumaku walichanganyikiwa siku za mawingu, ilhali siku za jua walielekea kwao vizuri. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba hisia hiyo ya sumaku imo mdomoni, katika seli zenye chembe za chuma. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba seli hizo ni za kinga ya mwili tu, na hisia yenyewe ilipo hasa bado panatafutwa.

Kuhusu ramani, maelezo yenye ushahidi mwingi yanatoka Italia, ambako kuanzia mwaka 1972 Floriano Papi na wenzake walionyesha kwamba njiwa wasioweza kunusa hushindwa kurudi kutoka mahali wasipopajua. Kwa maoni yao, kinda anapokaa kwenye kizimba juu ya banda hujifunza harufu zinazoletwa na upepo wa kila upande, na siku akipelekwa mbali huitambua harufu ya pale na kujua ametupwa upande gani. Mkaaji wa Lubumbashi hapaswi kuliona jambo hili kuwa la ajabu sana. Sisi wenyewe, upepo ukigeuka, tunajua bila kutazama moshi wa mtambo unatoka wapi.

Akikaribia kwao, njiwa hutumia macho. Utafiti mwingine wa Italia uliotolewa mwaka 2004, ambamo ndege walivishwa vifaa vidogo vya kufuatilia njia yao kwa setilaiti, uligundua kwamba wengi walifuata barabara kuu na reli, na wengine waligeuka kwenye makutano kama magari, hata pale ambapo njia ya moja kwa moja ilikuwa fupi zaidi. Kwa ndege wa hapa kwetu, barabara ya Likasi, reli, bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini kando yake ni alama zinazoonekana kutoka mbali. Hakuna hirizi ndani ya banda. Kuna kumbukumbu, tumbo lenye njaa kidogo, mwenzi anayesubiri kwenye kiota, na mwili ulioumbwa kwa kurudi.

Nalitaja hili kwa urefu kwa sababu kutokulijua kunaumiza watu, sio ndege peke yao. Njiwa wakirushwa, mara nyingi huzunguka mara mbili tatu juu ya umati kabla ya kushika njia, na katika kuzunguka huko wawili waliotoka kikapu kimoja wanaweza kuachana kidogo angani. Nimesikia mashangazi wakinong'ona kwamba ndoa hiyo itazunguka bila kufika, au kwamba maarusi watatengana. Bibi harusi aliyasikia, na furaha ikamtoka usoni. Njiwa anazunguka ili asome jua na ajue alipo, kama dereva anayesimama kwenye njia panda kuangalia kibao. Kwa kawaida dume na jike wake hukaa pamoja kwa miaka, na hata wakipotezana angani huja kukutana kwenye kiota kile kile.

Kwa mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ambao ni wa kawaida kwa njiwa msafiri hali ya hewa ikiwa nzuri, njia ya Kipushi humchukua karibu nusu saa na ile ya Likasi saa mbili hivi. Historia ina mfano unaolingana. Mwaka 1850, waya wa simu za maandishi ulipokuwa haujaunganisha mji wa Aachen, Ujerumani, na Bruxelles, Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka habari za bei za masoko katika pengo hilo, na umbali wake ni karibu sawa na wa Likasi na Lubumbashi. Njiwa walilishinda gari moshi kwa saa kadhaa. Ubelgiji, nchi iliyotutawala mpaka mwaka 1960, mpaka leo ni kitovu cha ufugaji wa njiwa wa mashindano, na mwezi wa Novemba 2020 njiwa jike wa huko aitwaye New Kim aliuzwa kwa euro milioni 1.6. Walionunua walilipia uzao wake.

Wabelgiji hao hao waliwarusha njiwa kama ishara ya amani walipoandaa Michezo ya Olimpiki ya Antwerpen mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na desturi ikaendelea katika michezo iliyofuata. Mwaka 1988 mjini Seoul, baadhi ya njiwa walikwenda kutua kwenye ukingo wa chungu kikubwa cha mwenge, na moto ulipowashwa waliungua mbele ya macho ya ulimwengu. Baadaye njiwa hai waliondolewa, na Nagano mwaka 1998 zilirushwa baluni zenye umbo la njiwa. Tarehe 26 Januari 2014, watoto wawili waliokuwa kando ya Papa Francis walirusha njiwa weupe wawili kutoka dirishani Vatikani, na mara moja shakwe na kunguru wakawavamia. Mwaka uliofuata zilirushwa baluni. Ikiwa mambo kama hayo yametokea penye wapangaji wengi hivyo, familia ya Ruashi au Kamalondo iliyopata hasara kama yetu haina sababu ya kujiona imelaaniwa, ingawa ina sababu ya kuuliza zaidi mara nyingine.

La kwanza la kuuliza ni saa. Njiwa huruka mchana na husoma jua, kwa hiyo kumrusha jioni ni kumlaza mahali asipopajua, juu ya bati, penye paka na bundi. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi, na huchelewa kidogo tu wakati wa masika. Mfugaji makini atataka ndege watoke saa mbili kabla ya hapo, na mapema zaidi ikiwa banda liko mbali. Kuwarusha ndani ya ukumbi usiku, chini ya taa na feni za dari, ni ukatili tu, hata kama picha itakuwa nzuri. Joto nalo lina hesabu yake: mwezi wa Oktoba kikapu kilichoachwa ndani ya gari lililofungwa vioo kinaweza kuua ndege wote kabla padri hajamaliza mahubiri. Mvua na ukungu mzito havina mjadala.

La pili ni idadi. Mwewe hamwoni kwa urahisi ndege wa kijivu anayefanana na paa na mawe, lakini mweupe mmoja juu ya miti ya kijani ni kama shuka iliyoanikwa. Kundi la kumi au kumi na mbili humchanganya adui, kwa hiyo hata maarusi wanaotaka wawili tu mikononi mwao hushauriwa wengine warushwe kwa wakati mmoja kutoka kikapuni, waende pamoja. Kwenye mazishi na matanga, ambako sehemu nyingine za dunia hurusha ndege mmoja kwa ajili ya marehemu na watatu wa kumpokea angani, kanuni ni hiyo hiyo: huyo mmoja asiachwe nyuma sana.

Yaliyobaki huulizwa bandani. Omba kuliona banda. Uliza kama ndege wamezaliwa humo, wamewahi kurudi kutoka umbali gani, na kama kanisa lenu liko ndani ya umbali huo. Tazama kama wana maji safi na kama macho yao yanang'aa. Mwombe akuonyeshe jinsi ya kumshika: miguu kati ya vidole, kidole gumba juu ya mbawa, mikono ikifunguliwa taratibu bila kumtupa hewani. Mfugaji atakayeudhika kwa maswali hayo ni heri umwache.

Katika harusi iliyofuata ya ukoo wetu, kwenye Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, tulimpata mfugaji wa namna hiyo, na katika karatasi ya mapatano aliandika kwamba baada ya saa kumi jioni hatarusha ndege. Misa ilichelewa kuanza, ikamalizika saa kumi na moja. Wajomba walimbembeleza, mmoja akaongeza fedha mezani. Alikataa kwa adabu, akamtoa njiwa mmoja, akamweka mikononi mwa bibi harusi ili apigwe naye picha kwenye ngazi za kanisa, kisha akamrudisha kikapuni, akafunga mlango, akawapeleka wote nyumbani kwa gari.